Kichujio Kikosee, Lakini Kisifiche

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Idara ya Ufundi,
Kampuni inayotutunzia barua pepe,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KICHUJIO KIPYA CHA BARUA TAKA NA BARUA ZETU ZINAZOPOTEA



Nakusalimu kwa heshima, na kupitia kwako nawasalimu vijana wa huduma kwa wateja ambao siku hizi wanabebeshwa hasira zisizo zao. Mimi ni wakala wa forodha. Ofisi yetu ni ndogo, haiko mbali na bandari, na kwa miaka tumekuwa wateja wenu: tunawalipa ili anwani zetu zibebe jina letu na .co.tz mwishoni, na ili barua za watu zitufikie. Jina la kampuni yenu silitaji. Wanaolalamika si wateja wenu peke yao, na ninachokiomba hapa nakiomba kwa kila anayefanya biashara hii nchini.

Miezi kadhaa iliyopita mlibadilisha programu ya kuchuja barua taka. Ile ya zamani iliipa kila barua pointi, zilizozidi kiwango zikawekwa karantini, na kila asubuhi tukaletewa orodha: nani katuma, saa ngapi, kichwa cha barua ni nini. Aliyekuwa zamu aliipitia orodha hiyo kabla ya chai, akaachilia mbili tatu, kazi ikaendelea. Programu mpya haina orodha. Barua inayoitilia shaka kidogo huisukumia kwenye folda ya taka. Inayoitilia shaka sana huifuta, na hakuna anayeambiwa, si aliyetuma wala aliyetumiwa. Tangazo lenu la mabadiliko lilikuwa na sentensi moja ya maana, kwamba mmetuboreshea ulinzi kwa akili mnemba. Wapo waliolikuta tangazo hilo kwenye folda ya taka.

Sipingi kuchuja. Tangu Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya DEC alipowatumia watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo la kompyuta, taka hazijawahi kupungua kwa hiari ya wanaozituma. Leo karibu nusu ya barua pepe zote duniani ni za aina hiyo. Bila kichujio ofisi yangu ingeanza kila siku kwa kufuta matangazo ya dawa za nguvu za kiume na mirathi ya majenerali waliokufa bila watoto. Ninachopinga ni kichujio kinachofanya kazi gizani. Hoja zangu ni hizi.

1. Mnasaini kwamba mmepokea, kisha mnaangamiza.

Seva ya kampuni ya meli ikileta barua kwenye seva yenu, mazungumzo yao huisha kwa namba. Yenu ikijibu 250, imepokea na imebeba dhamana. Ikijibu 550, imekataa, na seva iliyotuma itamjulisha mwenyewe kwamba barua yake haikufika. Utaratibu huu sikuubuni mimi. Umo kwenye hati ya RFC 5321 ya mwaka 2008, ambayo ndiyo kiwango cha usafirishaji wa barua pepe: aliyepokea ama aifikishe barua, ama atoe taarifa kwamba imeshindikana. Hati hiyohiyo inakubali kwamba yapo mazingira ya kuitupa barua kimyakimya, lakini inayabana sana. Pawe na uhakika mkubwa kwamba ni ya ulaghai au haifai kabisa, na inaonya kwamba tabia hiyo ikizoeleka watu watapoteza imani na barua pepe. Ninyi mmeichukua ruhusa ya dharura mkaifanya utaratibu wa kila siku.

Ni sawa na tarishi anayepokea bahasha mapokezi, akasaini kwenye daftari la aliyeileta, kisha akaenda kuichoma nyuma ya jengo. Aliyeileta ana saini mkononi. Mwenye barua hana kitu, na hajui kwamba hana kitu.

Nitawaambia hiyo saini inatugharimu nini. Mteja wetu wa Kariakoo alikuwa na kontena la vifaa vya umeme njiani. Taarifa ya meli kuwasili ilitumwa kwetu; haikuonekana kwenye kikasha wala kwenye folda ya taka. Tulipolalamika, kampuni ya meli ilitoa kumbukumbu za seva yake: imetumwa, imepokelewa, 250. Kwao habari iliishia hapo, na sina cha kuwalaumu. Siku za bure zilikuwa zimekwisha, storeji inahesabiwa, na demareji, yaani malipo ya kuchelewesha kontena, nayo inahesabiwa, kwa dola. Mfanyabiashara wa Kariakoo hataki kusikia habari za seva. Anajua alimpa wakala kazi, wakala hakujua kwamba meli imefika. Gharama tuligawana. Mzigo wake uliofuata alimpa mtu mwingine.

Fundi wenu mmoja, na nakiri anaijua kazi yake, alinieleza kwamba mkirudisha taarifa kwa kila barua taka mtawasumbua watu wasio na hatia ambao anwani zao zimeazimwa na matapeli. Ni kweli. Lakini hiyo ni hoja ya kutopokea kwanza, si hoja ya kufuta. Kataeni mlangoni, wakati seva mbili bado zinazungumza. Hapo anayetoa taarifa ya kushindikana ni seva ya aliyetuma, na hakuna mtu wa pembeni anayepata usumbufu kutoka kwenu. Karani wa kampuni ya meli akiona barua imekataliwa, atapiga simu. Sisi hatuombi zaidi ya hapo.

2. Lugha ya kazi yetu ndiyo lugha ya matapeli.

Isomeni barua ya kawaida ya uwakala wa forodha kwa macho ya mashine. Invoisi imeambatishwa. Tafadhali lipa haraka. Kiasi ni dola kadhaa. Bofya hapa kufuatilia mzigo. Leo ni siku ya mwisho. Matapeli wamesoma barua zetu kwa miaka na wakatuiga neno kwa neno, sasa mashine inatuona sisi ndio tunaofanana nao.

Na wanaotuandikia je? Muuzaji wa kiwanda kule Yiwu au Guangzhou mara nyingi hatumii anwani ya kiwanda. Anatumia ya bure, ya 163.com au qq.com, na jina lake ni mfululizo wa tarakimu, maana QQ tangu mwanzo iliwatambua watu kwa namba. Anaandika sisi tukiwa tumelala, kwa Kiingereza cha kuungaunga, akibana profoma, orodha ya vifurushi na picha za mzigo ndani ya faili moja la zip. Kwa programu huria ya SpamAssassin, ambayo watoa huduma wengi wameitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, anwani ya bure ni kanuni na anwani inayoanza na tarakimu ni kanuni. Kila kanuni ina pointi zake, na zikifika 5, kiwango ambacho programu huja nacho, barua inahesabiwa taka. Kwa hiyo mtu wetu wa Yiwu amekuwa mashakani siku zote. Tofauti ni kwamba zamani mwenye sanduku alikuwa na kauli. Tulimweka kwenye orodha ya wanaoaminika, yakaisha.

Orodha hiyo mmeiondoa. Ukifungua tiketi, jibu ni kwamba mfumo utajifunza wenyewe. Ujifunze kwa mizigo ya nani?

Sisemi programu za zamani hazikosei. Tarehe 1 Januari 2010 SpamAssassin yenyewe iliamka ikiziona barua za siku hiyo kuwa na tarehe ya mbali mno, kwa sababu ya kanuni iliyoitwa FH_DATE_PAST_20XX, ambayo aliyeiandika hakufikiria kwamba 2010 ingefika. Barua halali zikaongezewa pointi kwa kosa la kuandikwa mwaka mpya. Lakini jina la kanuni lilisomeka kwenye vichwa vya kiufundi vya barua zenyewe. Mafundi wakaliona, wakaizima, marekebisho yakatolewa. Yenu ikipata kichaa cha namna hiyo, nani ataona? Tulipouliza kwa nini barua ya benki yetu ilizuiwa, tulijibiwa kwamba kiwango cha hatari kilikuwa kikubwa. Hilo ni jibu la kumfukuza mtu dirishani.

3. Kiswahili chetu hakikufundishwa mahali popote.

Agosti 2002 Paul Graham aliandika insha kuhusu kichujio kinachojifunza kwa takwimu za maneno, na vichujio vingi vilivyofuata vilitokana na wazo hilo. Nguvu ya wazo lake ilikuwa hapa: kichujio kijifunze kwa barua za mtu mwenyewe, kwa sababu neno ambalo kwako ni taka kwa mwingine ni mkate. Hata SpamAssassin, katika sehemu yake ya kujifunza, haifungui mdomo mpaka ionyeshwe barua taka 200 na barua njema 200.

Yenu imeletwa ikiwa imeshajifunza, kwa masanduku ya watu wengine, na kwa jinsi inavyofanya kazi nathubutu kusema wengi wao hawajawahi kuandikiwa, "Mkuu, gari limevuka Tunduma, tuma hela ya mizani." Kwetu hiyo ni barua ya saa kumi na moja jioni, ya kijana tunayemfahamu, na ikichelewa lori la Lubumbashi linalala barabarani. Mteja wa Mwanza anaandika kwamba ile hela ameshatuma, anaomba namba ya kumbukumbu ya malipo. Ndiyo, inafanana na ule ujumbe wa simu ambao kila Mtanzania ameupata, wa kwamba ile hela itume kwenye namba hii. Lakini angalieni tofauti. Ujumbe ule wa simu unanifikia, nausoma, namjua tapeli, na naweza kuiripoti namba yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040. Mwenye simu anahesabiwa kuwa mtu mwenye akili. Kwenu, mwenye sanduku hahesabiwi.

4. Matapeli wenyewe wanapita.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Baada ya mabadiliko tulipokea, kwenye kikasha, bila alama yoyote ya tahadhari, barua iliyojifanya imetoka kwa muuzaji wetu wa Dubai. Ilisema akaunti yao ya benki imebadilika na salio la mzigo lilipwe kwenye mpya. Anwani ilitofautiana na ya kweli kwa herufi moja. Mhasibu wetu, mama mtu mzima asiyeamini kitu kisichopigiwa simu, alipiga simu, na ndiyo pona yetu.

Ilipitaje? Mafundi wenu watakuwa wameshajua. Tapeli alisajili kikoa chake, akaweka SPF, akaweka DKIM, akaweka DMARC, kila kitu sawasawa. Vitu hivyo vitatu vinathibitisha kwamba barua imetoka kwenye kikoa kinachodai kuituma. Havithibitishi kwamba mwenye kikoa ni mwaminifu. Muuzaji wetu wa Yiwu hana kikoa chake, basi barua yake inafutwa. Mwizi amefanya kazi ya maandalizi, basi anakaribishwa ndani. Hasara ya mchezo huu si ya kukisia: kwa mwaka 2023 pekee, malalamiko yaliyofikishwa FBI huko Marekani kuhusu utapeli wa barua pepe za kibiashara yalikuwa na hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9. Ulinzi mliotuahidi ulipaswa kuanzia hapo.

5. Sababu mliyotupa si sababu.

Tunaambiwa mlilazimika kwa ajili ya masharti ya Google na Yahoo. Masharti hayo yalianza Februari 2024 na yanawahusu wanaotuma barua kwenda kwa watumiaji wa kampuni hizo: wathibitishe vikoa vyao, wanaotuma kwa wingi waweke njia rahisi ya kujitoa, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Hayasemi lolote kuhusu kufuta barua zinazoingia kwa wakala wa forodha wa Dar es Salaam. Msitumie majina makubwa kuwanyamazisha wateja wadogo.

6. Barua zetu zinasomewa wapi?

Programu mpya, kwa maelezo yenu wenyewe, iko kwenye wingu. Wingu hilo liko nchi gani? Ndani ya barua zetu kuna nakala za pasipoti, namba za mlipakodi, bei ambazo mfanyabiashara asingependa jirani yake wa duka azione. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Mimi si mwanasheria. Nauliza swali ambalo mwanasheria wenu anapaswa kuwa na jibu lake tayari, kwa maandishi.

Ndugu Mkurugenzi, haya si manung'uniko ya watu wanaochukia teknolojia. Mwishoni mwa mwaka 2004 kampuni ya Verizon ya Marekani ilianza kuzuia barua zilizotoka sehemu kubwa za Ulaya, kwa hoja hiihii ya kupambana na taka. Wateja wake walifungua kesi ya pamoja, na mwaka 2006 kampuni ikakubali kuwafidia. Hapa kwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayapa mawasiliano ya kielektroniki nguvu katika mikataba. Mtu akinidai kwa barua ambayo seva yenu iliisainia, nitalazimika kumwonyesha jaji saini hiyo ni ya nani. Sitamani kufika huko. Wakili ni ghali kuliko storeji.

Tunayoyaomba yanafanyika bila kununua kitu kipya:

Kwanza, acheni kufuta kimyakimya, leo. Barua mnayoitilia shaka ama ikataliwe mlangoni kwa 550 yenye maelezo yanayosomeka, ama iwekwe karantini siku 30. Virusi vilivyothibitishwa futeni. Hapo hatuna ugomvi.

Pili, rudisheni orodha ya kila asubuhi, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kitufe cha kuachilia.

Tatu, rudisheni orodha ya wanaoaminika kwa kila sanduku. Mkiogopa kwamba anwani hizo zinaweza kuigizwa, ziachilieni pale tu kikoa kinapothibitishwa. Huduma kubwa za bure nyingi zina DKIM, hivyo hata mtu wetu wa Yiwu atapita kwa halali.

Nne, sababu ya kuzuia iandikwe kwenye kichwa cha kiufundi cha barua, kanuni na pointi, kama zamani. Fundi wetu anaweza kusoma. Asiyetaka kusoma hatasoma.

Tano, mabadiliko yoyote ya namna hii yatangazwe mwezi mmoja kabla, kwa ujumbe wa simu pia, na mteja apewe nafasi ya kubaki na mpangilio wa zamani mpaka aridhike na mpya.

Sita, na hili halisubiri: seva zenu huweka kumbukumbu za kila barua iliyopokelewa na kilichoipata. Kumbukumbu hizo hazikai milele. Hufutwa ili kutoa nafasi, na kila siku inayopita kuna barua ambazo hatutajua kamwe kwamba ziliwahi kuja. Zizuieni zisifutwe kuanzia mnaposoma barua hii. Kisha mpeni kila mteja orodha ya barua zake zilizofutwa tangu siku mliyowasha programu mpya: aliyetuma, tarehe, saa, na kichwa cha barua kama kilihifadhiwa. Yaliyokuwemo ndani yameshapotea, tunajua. Tukipata majina tutapiga simu wenyewe, Guangzhou, Dubai, Mumbai na Tunduma, kuwauliza walikuwa wanataka nini na kama bado wanatuhitaji.

Ankara yenu ya mwaka ujao imeshafika, na niseme kwamba hiyo ilifika bila tatizo lolote. Tutailipa tukiona ombi la kwanza na la sita yametekelezwa ndani ya siku 30. Yasipotekelezwa, tutahamisha vikoa vyetu kwenda kwa mtoa huduma atakayekubali masharti haya kwa maandishi, na mawakala wenzangu kadhaa wameniambia watafanya hivyohivyo.

Wenu katika biashara,

Wakala wa forodha,
Dar es Salaam.

Nakala:
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi